Mama, Mwambie Anyamaze

Wenzangu wa kalamu, leo sina hadithi. Nina ugomvi.

Nimechoka na baba wa kwenye hadithi zetu. Mnamjua. Kijana wake akishukiwa kuua, yeye hufanya moja kati ya mambo mawili tu. Akiwa tajiri, anafungua kabati, anatoa bahasha, anampigia simu mkubwa wa kituo, na kufika ukurasa wa tatu kijana yuko nje anakunywa bia. Akiwa maskini, anasimama mlangoni, ananyoosha kidole, anasema "kuanzia leo wewe si mwanangu," halafu mvua inanyesha. Mama analia. Analia ukurasa mzima, maana ndiyo kazi pekee tuliyompa. Na wakili? Ana kitambi, ana tai nyekundu, na anajua fika kwamba mteja wake ni muuaji. Mwisho wa hadithi anapata ajali ya gari, na sisi tunapiga makofi.

Msidhani nawasema ninyi tu. Na mimi niliandika hadithi ya namna hiyo, nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa Kiswahili aliisoma mbele ya darasa, nikavimba kichwa wiki nzima. Mwaka uliofuata, 2014, kaka yangu alikamatwa kwa tuhuma za mauaji, na ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijui kitu.

Sikilizeni basi yaliyotokea nyumbani kwetu.

Jumapili moja asubuhi kijana wa mtaa wa pili alikutwa amekufa kwenye mtaro, na jeraha la kisu. Jumamosi yake jioni alikuwa amegombana na kaka yangu kijiweni, kwenye karata, kwa ajili ya shilingi elfu kumi. Walishikana mashati, washikaji wakawaamua, kaka akarudi nyumbani. Ilikuwa saa nne usiku. Najua ni saa nne kwa sababu mimi ndiye niliyemfungulia mlango, na akalala chumba kimoja na mimi mpaka kulipokucha. Likumbukeni hilo la mlango. Nitalirudia.

Mchana habari zikaenea kwamba polisi wanamtafuta. Hawakufika kwetu. Hawakuwa na haja ya kufika, maana mama alimpeleka mwenyewe. Alijifunga kanga, akamwambia kaka: "Vaa shati, twende. Mtu asiye na kosa haogopi polisi. Na ukifika waeleze kila kitu, usiwafiche watu wa serikali." Baba alikuwa na redio yake mapajani. Hakuinuka. Alisema: "Kama amefanya, asilete mguu wake hapa. Kama hakufanya, kesho atarudi."

Jamani, hakuna mtu mbaya katika picha hiyo. Mama yangu hakumtupa mwanawe. Alimpenda kwa namna aliyofundishwa kumpenda, yaani amlee awe mkweli, na akiulizwa na mkubwa ajibu. Na upendo ule ndio uliomfunga.

Maana kaka alifanya kama alivyoambiwa na mama yake. Alieleza kila kitu. Akasema waligombana. Akasema alimpiga marehemu kofi. Na kwa kuwa aliambiwa asifiche, akasema pia kwamba katika hasira zake alimwambia "nitakuua wewe." Nani kati yetu hajawahi kulitamka neno hilo kijiweni? Likaandikwa. Kaka akatia saini. Karatasi ile inaitwa maelezo ya onyo, na onyo lenyewe limo mwanzoni: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema linaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Kaka anakiri kwamba alisomewa. Alisomewa jinsi kondakta wa daladala anavyotaja vituo.

Wakati huo mama alikuwa nje kwenye benchi, na chupa ya chai. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, au ndugu, au rafiki. Inaweka hata saa za kuhojiwa: nne za mwanzo, na zikiongezwa kuna utaratibu wake. Ndugu mwenyewe alikuwa hatua kumi kutoka kwenye meza ile, na hakujua kwamba ana nafasi yake katika sheria. Alijua tu kwamba raia mwema hukaa kwenye benchi akasubiri kuitwa.

Kesho yake kaka hakurudi. Hakurudi miaka mitatu na miezi minane.

Hapa waandishi wenzangu huwa mnaruka. Mnaandika "baada ya miaka kadhaa gerezani" mnaingia sura mpya. Acheni kuruka! Hapo mnaporuka ndipo palipo na riwaya. Kosa la mauaji kwetu halina dhamana. Jirani zetu Kenya, tangu Katiba yao ya 2010, mshitakiwa wa mauaji anaweza kupata dhamana mahakama isipoona sababu nzito ya kumnyima. Kwetu hapana. Unapelekwa kwanza katika mahakama ya chini, ambayo inakwambia usijibu kitu, kwa sababu haina mamlaka ya kusikiliza kesi yako. Kisha upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika. Unarudi mahabusu. Baada ya siku 14 unaletwa tena, unaambiwa upelelezi haujakamilika. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi katika miaka mitatu. Kila mara mama alipanda daladala mbili kwenda kumwona mwanawe kwa dakika mbili akiwa kizimbani, na mbili kurudi. Nauli hiyo ilikuwa ada yangu ya shule. Silalamiki, naeleza tu kwa nini mwandishi wa makala hii ameishia kidato cha nne.

Siku ya pili ya kesi nilitoroka shule nikaenda naye. Ikatajwa kwamba Wakili wa Serikali yupo. Mama akaniminya mkono: "Unaona? Serikali imempa mwanangu wakili." Tulipotoka akamkimbilia yule bwana koridoni. Ni kijana, wa umri wa kaka yangu, lakini mama alimpigia magoti nusu, akamshika mkono, akaanza kumweleza yote: jinsi kaka alivyokuwa mkorofi utotoni, jinsi alivyowahi kumjeruhi mwenzake shuleni, lakini sasa ameacha kabisa, ametulia. Yule kijana alikuwa muungwana. Alimkatiza, akasema taratibu: "Mama, usiniambie hayo. Mimi ndiye ninayemshitaki."

Nimeandika kurasa nyingi tangu siku ile, na sijapata sentensi inayoumiza kama hiyo.

Mara moja tulipata "wakili" wetu. Alikuwa na mkoba, suti, na miwani, na alikuwa akizurura nje ya mahakama. Alichukua shilingi laki tatu, zilizotokana na cherehani ya mama. Tulipomtafuta wiki iliyofuata, karani akacheka: "Huyo? Huyo kishoka." Basi na wakili wetu wa kwanza akawa wa kwenye hadithi zenu, tai nyekundu na kila kitu, isipokuwa kwamba hakuwa wakili!

Mtasema: hayo ni mambo ya watu wasiosoma. Matajiri wanajua, mara moja wanaita wakili. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka niliponunua kwa muuza mitumba ya vitabu kitabu kimoja kikuukuu kuhusu kesi ya Chicago, Marekani. Kimenifundisha kuliko mwalimu yeyote.

Tarehe 21 Mei 1924, Nathan Leopold, miaka 19, na Richard Loeb, miaka 18, walimuua mtoto wa miaka 14, Bobby Franks. Hawakuwa vijana wa kijiweni hao. Walikuwa wasomi wa chuo kikuu. Baba yake Loeb alikuwa makamu wa rais wa kampuni ya Sears, Roebuck. Familia ya Leopold nayo ilikuwa ya mamilionea. Karibu na maiti ikaokotwa miwani. Bawaba zake zilikuwa za aina ambayo katika mji mzima waliuziwa watu watatu tu, na mmoja wao Leopold. Akaitwa ajieleze.

Je, wazazi wale wenye fedha walifanya nini? Walifanya kama mama yangu! Waliamini. Watoto wetu hawawezi kufanya jambo hilo, wajibu maswali, warudi nyumbani. Vijana wakahojiwa bila wakili ubavuni. Walikuwa na uongo wao tayari: kwamba siku ile walikuwa wakizunguka na wasichana katika gari la Leopold. Ndipo dereva wa familia, akidhani anamwokoa bosi wake mdogo, akawaeleza wapelelezi kwamba gari lile halikutoka siku ile, maana yeye mwenyewe alikuwa akilitengeneza. Kwisha habari. Tarehe 31 Mei wote wawili wakakiri. Baada ya hapo ndipo ndugu walipokwenda kwa Clarence Darrow, wakili mashuhuri, mzee wa miaka 67.

Naona tayari mtu ameinua mkono. "Ala! Lakini hao walikuwa wauaji kweli. Wangenyamaza si wangepona? Hicho ndicho unachotaka?"

Swali zuri, na sitalikimbia. Walikuwa wauaji, ndiyo. Lakini miwani haikuhitaji ruhusa ya mama yeyote ili iseme. Barua ya kudai fedha iliyopelekwa kwa baba wa marehemu ilipigwa kwa taipureta, na waandishi wa habari, vijana kama sisi, walikuwa wamekwisha kupata karatasi za masomo za Leopold zilizopigwa kwa taipureta hiyo hiyo. Ushahidi ulikuwepo, ukitafutwa. Kutafuta ni kazi ya mpelelezi, anayelipwa mshahara. Mzazi si msaidizi wake. Pale mzazi anapomleta mtoto na kumwambia "sema kila kitu," mpelelezi hupata usingizi mapema. Kaka yangu alipotia saini ile karatasi, utafutaji ulikwisha. Nani mwingine aliulizwa alikuwa wapi usiku ule? Mwenye kisu, yeyote yule, alikunywa chai yake asubuhi akasikia kwamba muuaji amepatikana.

Na hapo namfikiria mama mwingine, mama wa marehemu. Msiniambie kwamba simjali. Nimekua naye mtaani, nimekula kwake. Alichopewa kwa miaka mitatu na miezi minane ni mtoto wa jirani wa kumchukia. Haki hakupewa. Mpaka leo hajui nani alimuulia mwanawe. Kunyamaza kwa mtuhumiwa hakumnyang'anyi mama yule kitu. Kinachomnyang'anya ni kazi ya haraka haraka.

Tena nieleweke vizuri, kunyamaza si kusema uongo. Si kumpandisha kijana basi la alfajiri. Si kufua shati lenye damu. Mama anayefua shati hilo ametoka kwenye umama ameingia kwenye kosa lingine la jinai. Nasema hivi: mpeleke, ndiyo, aonekane, ataje jina lake, kisha aseme, "Ninaomba wakili kwanza." Ni maneno matatu, na hayana matusi ndani yake. Lakini katika nyumba zetu nani amefundishwa kumwambia mkubwa maneno hayo bila kuonekana jeuri?

Sasa tuje kwa wakili, huyu tunayemuua kwa ajali za magari. Msemo wa mtaani ni kwamba anayemtetea muuaji ni muuaji mwenzake. Tumtazame Darrow basi. Chicago nzima ilitegemea kwamba fedha za wazazi zitanunua uongo, mpaka wazazi wakatoa tamko magazetini kwamba hawatatumia utajiri wao kuishinda haki, na kwamba ada ya mawakili itapangwa na chama cha mawakili. Darrow hakusimama akasema wateja wake hawakuua. Aliwaambia wakubali kosa. Aliepuka jopo la raia, akabaki na hakimu mmoja, Jaji John Caverly, akamwomba kitu kimoja tu: usiwaue watoto hawa. Tarehe 10 Septemba 1924 walipewa kifungo cha maisha, na miaka 99 juu yake. Loeb aliuawa gerezani mwaka 1936. Leopold alitoka mwaka 1958, mzee. Baba yake Loeb hakukanyaga mahakamani, alikuwa mgonjwa, na alikufa mwezi uliofuata ule wa hukumu. Baba yake Leopold alikuwa akija kukaa nyuma ya mwanawe. Mnaona? Hata mababa wale si wawili wa hadithi zetu. Meyer Levin, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo kile kile wakati ule, aliwaandikia riwaya, Compulsion, mwaka 1956. Alingoja miaka 32. Sisi tunamaliza kwa kurasa sita.

Kwetu wakili hana hata uwanja ule wa Darrow. Kwa muda wote kaka alipokuwa ndani, aliyekutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia alikuwa na hukumu moja tu inayomngoja, kunyongwa. Jaji hakuwa na pa kupima. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa Arusha, ilisema Novemba 2019 kwamba kulazimisha hukumu hiyo kunavunja haki ya kuishi. Ni kweli hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini mwambie hilo kijana aliyelala mahabusu akisubiri. Sasa pimeni uzito wa lile neno la kijiweni. Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia vinatenganishwa na nia, na nia ya kaka yangu ilikuwa imeandikwa kwa maneno yake mwenyewe, na saini chini: nitakuua.

Shauri lilipofika Mahakama Kuu, zaidi ya miaka mitatu imepita, ndipo mahakama ilipompangia kaka wakili. Wakili wa kweli. Ni dada mmoja mwembamba, viatu vimeisha visigino, ana mafaili mpaka kwapani, na malipo yake kwa kesi kama ile ni kidogo kiasi cha kutia aibu. Alikaa na kaka chini ya saa moja. Swali lake la kwanza halikuwa "umeua?" Swali lake la kwanza lilikuwa: "Usiku ule ulirudi saa ngapi, na nani alikufungulia mlango?"

Miaka mitatu! Polisi hawakuniuliza. Mama hakunitaja, alisema mimi mtoto, nisiingizwe. Baba hakuniuliza. Na mimi mwenyewe, niliyejiita mwandishi, mtu wa kuona mambo, sikujua kwamba ule mlango ni kitu. Sheria inamtaka mshitakiwa anayesema "sikuwepo pale" atoe taarifa mapema. Sisi tulikuwa tukipeleka chai.

Julai 2018 Mkurugenzi wa Mashtaka alieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Sidai kwamba ni kwa sababu ya mlango wangu, hawakutaja sababu. Kaka aliachiwa. Kuachiwa kwa namna hiyo hakusemi hukufanya. Kunasema tu hatuendelei kwa sasa. Mtaani wapo wanaovuka barabara wakimwona. Hachezi karata. Ukimwuliza jambo lolote, hata kama amekula, anakutazama kwanza.

Kwa hiyo, wenzangu, ndio ugomvi wangu na ninyi. Watu wetu hawasomi sheria, wanasoma na kutazama hadithi. Kutoka kwetu wanajifunza kwamba asiye na hatia huongea na mwenye hatia hunyamaza, kwamba wakili huitwa na mwenye cha kuficha, kwamba baba ana njia mbili tu, bahasha au laana. Mama yangu hakuyapata hayo kwenye Katiba. Aliyapata kwenye michezo ya redio na vitabu vya mia mia. Tumemfundisha sisi. Kisha tukamwachia kazi ya kulia.

Mwandikeni baba anayeuza baiskeli kulipa wakili halisi, aliyemhakikisha kwanza kwamba jina lake limo katika orodha ya mawakili. Mwandikeni mama anayetafuta wasaidizi wa kisheria kwa sababu amesikia kwamba kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mwandikeni wakili aliyevaa viatu vilivyokwisha. Ndiyo, hata rushwa iandikeni, ipo. Lakini acheni kudanganya kwamba ndiyo njia pekee, maana maskini anayewasoma ataamini kwamba asiye na bahasha hana la kufanya isipokuwa kuongea.

Mwaka jana, usiku wa manane, jirani aligonga kwetu. Kijana wake anatafutwa, kuna mtu amekufa kwenye ugomvi. Mimi nilikuwa naandika, nikasikia kupitia ukuta. Alikuwa akimwuliza mama: "Nimpeleke asubuhi akawaeleze kila kitu, si ndiyo?"

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Utampeleka, mwenzangu. Lakini mwambie anyamaze mpaka tumpate wakili. Na kabla ya kulala, waulize wote walioko nyumbani nani alimfungulia mlango."

Nimemaliza. Anayeona nimekosea achukue kalamu anijibu.